Naombeni ushauri: vinanda viwili, jazi laini hotelini Mbeya, sauti inatoka tupu na meneja anasema muziki hauna kichwa wala miguu

#1 Kinanda_Forest
Wakuu habari zenu. Nipo Mbeya mjini, pande za Forest. Mimi na mwenzangu ni wapiga vinanda, tumeamua kufanya jazi laini ya kielektroniki. Vinanda viwili basi, hakuna gitaa, hakuna saksafoni, hakuna mwimbaji. Kuna hoteli tumepatana nayo tupige Ijumaa jioni, muda ule watu wanakula na kuongea. Vinanda vyote ni Yamaha PSR-E373, vinaingia kwenye mikisa ya hoteli na spika zao mbili kubwa.

Shida ziko mbili. Kwenye hedifoni saundi ni tamu kabisa, ile piano ya umeme inang'aa na besi inajaa. Nikichomeka kwenye mikisa besi inayeyuka, piano inabaki kama iko chumba cha pili, mwangwi mtupu. La pili, meneja anasema wateja wanalalamika muziki "unaenda tu", hauna kichwa wala miguu.

Kuna Korg Pa600 (kinanda chenye midundo yake ndani) iliyotumika, mtu yuko Dar anaiuza milioni 2.2. Nikiichukua itamaliza tatizo? Wenye ujuzi karibuni. Matusi hapana.

#2 Mla_Ndizi_Tukuyu
Ngoja wataalamu waje. Ila kwa baridi ya mwezi wa saba watu wa Mbeya wanataka cha kuwatoa jasho, wewe unawaletea cha kuwalaza.

#3 Fundi_Mikisa
Usinunue kitu. Waya unaotoka kwenye kinanda kwenda mikisa ukoje? Angalia jeki yenyewe, ina mistari mieusi mingapi?

#4 Kinanda_Forest
Miwili. Waya mmoja kila kinanda, mpya, mzito, si ule wa elfu tatu.

#5 Fundi_Mikisa
Basi tatizo lako la kwanza ni hilo hapo. Mistari miwili maana yake ni jeki ya stirio: ncha, pete na mkono. Tundu la PSR-E373 ni la hedifoni na la kutolea sauti kwa pamoja. Ncha inabeba kushoto, pete inabeba kulia. Sasa chaneli ya kawaida ya mikisa ina tundu la balansi. Lenyewe linaamini ncha na pete zimebeba sauti ileile, moja imegeuzwa, kwa hiyo linachukua ya ncha na kutoa ya pete. Umelipa kushoto ukatoa kulia.

Chochote kilicho sawa pande zote mbili kinabaki sifuri. Besi iko katikati. Kiki, ile ngoma kubwa ya mguu, iko katikati. Sauti nyingi za solo ziko katikati. Kinachopona ni tofauti ya kushoto na kulia: mwangwi, korasi (ile athari ya kutanua sauti), na kingo za piano iliyorekodiwa stirio. Waya kuwa wa bei haukusaidii.

Hakikisha kabla ya kutoa hela. Chagua sauti ya besi peke yake, zima mwangwi kwenye kinanda, piga noti moja. Kama kwenye hedifoni inanguruma na kwenye mikisa imekufa au karibu kufa, umepata mchawi.

Dawa ni waya wa Y: jeki kubwa ya stirio upande mmoja, jeki kubwa za mono mbili upande wa pili. Moja ingia chaneli ya 1, PAN (kinobu cha kupeleka sauti kushoto au kulia) kushoto hadi mwisho. Nyingine chaneli ya 2, PAN kulia hadi mwisho. Vinanda viwili vinakula chaneli nne. Kama mikisa ina chaneli za stirio zenye matundu L na R, tumia hizo, utaokoa nafasi.

Usijaribu ujanja wa kuchomeka waya wa mono kwenye tundu la hedifoni. Mkono wa jeki unagusa pete, upande wa kulia unapigwa shoti muda wote unaopiga, na spikani unapata nusu ya ulichocheza. Volyumu ya kinanda iache kama robo tatu, halafu panda na GAIN (nguvu ya sauti inayoingia) ya mikisa mpaka taa nyekundu iwake kwa bahati mbaya tu. Waya usizidi mita tano hivi. Meza ya mikisa ikiwa mbali, weka DI boksi (kiboksi cha kugeuza sauti ya kinanda iwe ya balansi) jukwaani kisha vuta XLR, waya kama wa maiki.

Korg tutaiongelea baadaye.

#6 Mama_Kwaya_Kihesa
Kamwene. Mimi niulize tu, vinanda hivyo mlijifunzia wapi? Maana vijana wanafundishwa na kanisa, vidole vikilainika wanahamia kwenye kaunta ya bia. Kipaji si kibaya, lakini mtu ajue anakipeleka wapi.

#7 Mla_Ndizi_Tukuyu
Mama, ameomba ushauri wa waya.

#8 Kodi_Tisa
Fundi amemaliza ya waya. Mimi nachukua la meneja, maana hilo hata ubadilishe nyaya zote litabaki palepale.

Utamu wa jazi laini uko kwenye kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, zinazogeuka bila mkono kuhama. Chukua ii-V-I ya C, yaani kodi ya pili, ya tano, kisha ya kwanza. Mkono mmoja, maeneo ya C ya kati. Dm9: piga F A C E, D usiiguse. G13: F A B E. Umefanya nini? Umeshusha kidole kimoja, C ikawa B, vingine vitatu havijaondoka. Cmaj9: E G B D. Safari hii B ndiyo inabaki, zile tatu zinashuka kila moja kwenda jirani yake. Anayekula samaki wake hajui kama kodi imebadilika, anasikia tu rangi imegeuka. Ukiipiga ileile kwa mtindo wa kuruka, C nzima, F nzima, G nzima, mzizi (noti inayoipa kodi jina) chini kila mara, umerudi kwenye pambio.

Mizizi D, G na C nani anaibeba? Besi. Ndiyo maana muziki huu unakaa vizuri kwa watu wawili wenye vinanda: mikono minne, kazi nne. Besi, kodi, sauti ya nyuzi ya kujaza nyuma, na solo. Mikono minne ikifanya kazi mbili ndipo unapopata matope. Wapigaji wawili wakipiga kodi nzima kwa mikono miwili kila mmoja, na pedali imekanyagwa, kila kitu kinarundikana kati ya 200 na 400 Hz. Hapo hata spika za milioni kumi hazitakuokoa.

Gawaneni hivi. Mpigaji A: kushoto besi tu, noti moja moja, oktavu moja chini ya C ya kati na kushuka. Kulia kodi za noti nne, kuanzia E iliyo chini ya C ya kati hadi A iliyo juu yake, zaidi ya hapo asipande. Mpigaji B: kushoto nyuzi laini, noti mbili zinatosha, ya tatu na ya saba za kodi, oktavu moja juu ya C ya kati. Kulia solo. B akianza solo, A anapunguza kodi mpaka mbili kwa kipimo (mapigo manne). Sauti ya nyuzi ikatwe chini, kila kilicho chini ya 150 Hz hakina kazi pale.

(Angalizo: Yamaha C ya kati wanaiita C3, programu nyingine zinaiita C4. Ndiyo maana nasema C ya kati, msije mkapiga besi kwenye oktavu ya solo.)

Kichwa na miguu sasa. Tempo 92. Mwanzo vipimo 8, melodi 32, solo 32, nusu ya pili ya melodi 16, mwisho 8. Jumla vipimo 96 vya mapigo manne, sawa na dakika 4 na sekunde 10. Mwisho uandikwe kabisa: vipimo viwili vya mwisho ngoma zinyamaze, kodi ya mwisho ipigwe mara moja na iachwe ife yenyewe. Anayekula atajua wimbo umeisha hata kama alikuwa hasikilizi. Mkiacha duara la vipimo vinne linazunguka dakika tisa, meneja ana haki yake.

#9 Ghorofa_Moja
Kwa kifupi muziki wa lifti. Na lifti zenyewe Mbeya unazihesabu kwa vidole.

#10 Mzee_wa_Rhodes
Kijana wa #9, punguza. Hiyo piano mnayoisikia ina ukoo wake. Rhodes halisi, ile piano ya umeme ya zamani, ina nyundo inayogonga kijiti cha chuma, juu yake kuna bamba linaloitikia, mbele yake kuna sumaku yenye koili. Ukigonga taratibu inatoa duara, ukigonga kwa nguvu inakoroma. Mwaka 1983 Yamaha wakatoa kinanda cha DX7 kwa njia ya FM (kutengeneza sauti kwa wimbi moja kutikisa lingine) aliyoigundua John Chowning pale Stanford. Ile haikoromi, inalia kengele mwanzoni halafu mwili laini unafuata, na ilikuwa inatoa noti 16 tu kwa wakati mmoja. Jazi laini ya miaka ile imesimama juu ya sauti hizo mbili. Jina lenyewe lilikuzwa na redio za Marekani; KTWV ya Los Angeles ilianza mkondo huo 1987.

Faida kwenu: sauti hizi zinaishi kwenye nguvu ya kidole. MIDI, lugha ya vinanda na kompyuta, inapima nguvu hiyo kuanzia 1 hadi 127. Kodi za kusindikiza zikae 45 hadi 75, solo 70 hadi 95. Ukipita mia kila noti, kengele inatoboa masikio na mwili wa sauti hausikiki kabisa. Chagua mmoja atumie Rhodes na mwingine atumie FM. Wote wawili mkitumia sauti moja, hakuna atakayejua mko wawili.

#11 Kinanda_Forest
Asanteni sana wakuu, Fundi ubarikiwe. Waya wa Y nitatafuta. Kodi_Tisa, hayo mengi tunayafanya tayari, na tempo yetu ni hiyohiyo ya tisini na ushee. Vinanda vyetu tumeviunganisha kwa USB, kimoja kinaendesha kingine, kwa hiyo haviachani hata kidogo.

Naomba bado mnijibu kuhusu Korg.

#12 Fundi_Mikisa
Rudia hapo. Vimeunganishwa USB kwenda wapi?

#13 Kinanda_Forest
Kimoja kwenda kingine.

#14 Fundi_Mikisa
Haiwezekani. PSR-E373 ina tundu moja la USB, lile la mraba, limeandikwa TO HOST. Maana yake lenyewe linasubiri bosi. Watumwa wawili hawaamrishani, lazima katikati kuwe na kompyuta au kiboksi cha kupokea USB. Tundu la MIDI la pini tano kinanda hicho hakina. Waya ulioutumia ulikuwa na ncha gani?

#15 Bin_Chai
Nilikuwa nasubiri tu. Wakuu, hii chai. Hoteli haijulikani, mwenzake hana jina, vinanda vinaongea bila kompyuta. Jamaa kasoma mahali "jazi laini" kaja kutupima. Sukari iko wapi?

#16 Ghorofa_Moja
Na mkate usisahau. Halafu angalia #11, "hayo mengi tunayafanya tayari". Meneja analalamika, wateja wanalalamika, na yeye anafanya kila kitu sawa.

#17 Mla_Ndizi_Tukuyu
Weka hata kipande cha sekunde thelathini tusikie.

#18 Kinanda_Forest
Si chai. Kuna laptopu katikati, sikuona haja ya kuitaja. Inapeleka MIDI kwenye kinanda cha pili.

#19 Kodi_Tisa
Inapeleka nini? Ngoma? Au sehemu ya mwenzako?

#20 Kinanda_Forest
Sehemu yake.

#21 Kodi_Tisa
Na yeye mwenyewe anafanya nini wakati huo?

#22 Kinanda_Forest
Kwa sasa yuko Makambako kikazi. Alirekodi sehemu zake kabla hajaondoka, noti kwa noti, ni mikono yake kabisa. Mimi napiga changu moja kwa moja. Kwenye kinanda cha pili anakaa mtoto wa dada yangu ili pasionekane tupu. Nimeweka Local (vitufe kuendesha sauti ya kinanda chenyewe) kwenye Off, kwa hiyo akigusa hakitoi sauti, kinaitikia laptopu tu.

Kabla hamjaanza: sijamdanganya mtu. Bango la hoteli linasema vinanda viwili, na vinanda ni viwili kweli. Wateja wako kwenye simu zao. Muziki unaosikika tumeutunga na kuupiga sisi.

#23 Mla_Ndizi_Tukuyu
😂😂😂 Mpwa anapiga hewa! Huyo kijana analipwa shilingi ngapi kwa kila noti ambayo hajaipiga?

#24 Bin_Chai
Nafuta kauli, hii siyo chai. Hakuna mtu mwenye akili ya kutunga Local Off.

#25 Mama_Kwaya_Kihesa
Mimi ndiyo maana niliuliza vidole vinaelekea wapi. Meneja analipa watu wawili, anapata mmoja na mtoto. Huyo mtoto unamfundisha nini mbele ya watu? Mwambie meneja ukweli, anaweza hata akakubali.

#26 Ghorofa_Moja
Bado siamini. Waandishi wa hadithi humu tunawajua. Subirini #40 tutaambiwa mwenzake wa Makambako katokea Ijumaa akiwa kwenye meza ya mbele.

#27 Fundi_Mikisa
Iwe kweli iwe hadithi, kwa upande wa mitambo inawezekana, kwa hiyo mimi najibu.

Umeme ukikatika katikati ya wimbo, je? Laptopu ina betri, itaendelea kupeleka MIDI gizani. Vinanda vinazima. Umeme ukirudi na kinanda kikawashwa upya, Local kwa kawaida inarudi On. Kijana ameweka mikono, atagusa, na safari hii itasikika ukumbi mzima.

Cha kufanya: PSR-E373 inakula betri sita za AA. Weka za alkali kwenye vyote viwili mpige kwa betri tupu, umeme wa ukutani ukikatika kinanda hakizimi, mikisa ndiyo itakayolala. Pia zima ule utaratibu wa kujizima wenyewe, unakuja umewekwa dakika 30. Shikilia kitufe cha kwanza kabisa cha kushoto, cha sauti ya chini kuliko zote, huku unawasha. La sivyo mkienda mapumziko ya chakula mnarudi kinanda kimelala na Local imesharudi.

Jingine: laptopu ikiwa kwenye chaja na kinanda kimeingia mikisa, utasikia mngurumo wa 50 Hz au vijikelele vinavyobadilika ukisogeza mausi. Laptopu na mikisa vichomekwe ekstensheni moja. Ikikataa, chomoa chaja upige kwa betri, au pitisha DI boksi yenye swichi ya kukata ethi. Waya wa ethi wa plagi usiukate kamwe, wapo wanaofanya hivyo na wapo waliopigwa shoti na maiki.

Na kwa baridi yetu: ukitoa kinanda kwenye gari usiku ukakiingiza ukumbini kwenye joto, kiache nusu saa kabla ya kuwasha, unyevu ukauke. Kuachia tuni hakitaachia, hiki ni cha dijitali.

#28 Kodi_Tisa
Sasa nimeelewa meneja anasikia nini. Hajui kuna laptopu, lakini masikio yake yanajua.

Kinachomshika mtu kwenye muziki wa wapigaji wawili wa vinanda si wingi wa noti. Mmoja anapiga sentensi ya vipimo viwili, ananyamaza, mwingine anajibu viwili. A akichelewa kidogo kabla ya kodi, B anamsubiri. A akishuka nguvu, B anashuka. Hayo mambo ni ya milisekunde chache na tofauti ndogo za kidole, ndiyo pumzi yenyewe. Faili la MIDI halisubiri mtu. Ukiongeza vipimo vinane vya solo kwa kuwa meza ya nyuma imeanza kupiga makofi, lenyewe limeshaingia mwisho. Kwa hiyo unaogopa, unapiga kilekile, kwa nguvu ileile, mpaka faili liishe. Hiyo ndiyo "unaenda tu".

Angalia pia noti alizorekodi. Zikiwa zote nguvu 100 au zimenyooshwa na kompyuta ziangukie kwenye pigo kamili mia kwa mia, ukumbi unasikia mashine. Punguza kunyoosha hadi nusu, haihati (sahani za ngoma) za 16 zibadilishane nguvu, moja 70 moja 45. Ngoma ziache kwenye laptopu, hakuna atakayekulaumu, muziki huu tangu zamani unapigwa juu ya mashine za ngoma. Kodi na besi ndivyo viwe vya binadamu.

#29 Kinanda_Forest
Kodi_Tisa nakuheshimu lakini unaongea kinadharia. Mwenzangu akirudi tutapiga wote. Nikimwambia meneja sasa hivi atakata malipo nusu, na hela ya kutanguliza nimeshapewa. Ndiyo maana nauliza Korg: ina midundo yake ndani, ningeweza kuacha laptopu nyumbani.

#30 Fundi_Mikisa
Hela ya kutanguliza iko wapi?

#31 Kinanda_Forest
Nusu ya Korg nimeshatuma.

#32 Ghorofa_Moja
Sasa ushauri wa nini mkuu? Ungeandika "nimeshanunua, nipongezeni".

#33 Mla_Ndizi_Tukuyu
Kamtumia mtu wa Dar asiyemjua milioni moja na ushee, halafu anaogopa meneja.

#34 Kinanda_Forest
Anajulikana. Na mashine nimeiona kwenye video.

#35 Mzee_wa_Rhodes
Video haioneshi kibonyezo kilichokufa. Kabla hujamalizia nusu ya pili, mtu wako aliye Dar aende nayo mkono kwa mkono. Apige kila kitufe kwa nguvu tatu, taratibu, kati, na kwa nguvu, kwa sauti ya piano bila mwangwi. Kinachotoa nguvu moja tu, au kinachopiga kelele hata ukigusa taratibu, raba ya chini yake imeisha au imejaa vumbi. Ajaribu kioo cha kugusa pembe zote nne. Atikise jeki za nyuma huku sauti inatoka, isikatike. Asukume kijiti cha kupinda tuni aone kinarudi katikati sawasawa. Aweke faili kwenye USB, aizime, aiwashe, alifungue tena.

Na midundo ya ndani ya Korg ni mizuri, lakini ni kodi zako ndizo zinaiendesha. Ukipiga Dm9 bila D, yaani F A C E, mashine inasoma Fmaj7 na kupeleka besi ya F. Itabidi upige na mzizi, au utumie kodi za mkono wa kushoto za kawaida na rangi uziweke kulia. Kwa hiyo kila ulichoambiwa #8 utakipanga upya.

#36 Kinanda_Forest
Hilo la mashine kusoma F sikulijua. Nitamtumia mtu.

#37 Njombe_Baridi
Nimesoma wote, hakuna aliyesema la wazi. Kijana yupo, kinanda kipo, kiti kipo. Mfundisheni besi! Kwenye mzunguko wa Kodi_Tisa mizizi ni mitatu: D, G, C. Asipige zaidi ya noti ya kwanza ya kila kipimo, na nyingine fupi kabla ya pigo la tatu. Toa besi kwenye faili la laptopu, rudisha Local On, mchagulie sauti ya besi, mbandikie karatasi ya namba kwenye vitufe vitatu. Wiki mbili za jioni zinatosha kwa nyimbo nne. Akikosea, anakosea noti moja chini, wengi hawatajua. Na wewe utakuwa na mtu wa kumtazama usoni kabla ya mwisho wa wimbo.

#38 Mama_Kwaya_Kihesa
Huyu wa Njombe apewe soda.

#39 Fundi_Mikisa
Nakazia #37. Nyongeza: besi ikiwa ya peke yake kwenye kinanda cha pili, iweke chaneli yake katikati, PAN isiende kushoto wala kulia. Jeki moja ya ule waya wa Y inatosha upande huo, nyingine iache ikining'inia bila kugusa chuma.

Na muulize meneja kama hoteli ina leseni ya hakimiliki ya muziki iwapo mtapiga nyimbo za watu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi hata kama umempiga kwa kinanda bila maneno. Nyimbo zenu wenyewe ruksa.

#40 Ghorofa_Moja
Nipo hapa #40, mwenzake wa Makambako bado hajatokea. Uzi umenishinda.

#41 Kinanda_Forest
Kijana anasema besi anaitaka, amechoka kujifanya. Meneja nitaongea naye nikishampata peke yake, si kwa simu.

Waya wa Y: nimezunguka Mwanjelwa, wananipa wenye jeki ndogo ya simu kwenda RCA nyekundu na nyeupe.

#42 Fundi_Mikisa
Huo chukua, hauna ubaya. Ongeza adapta tatu: moja ya stirio ya kukuza jeki ndogo iwe kubwa, upande wa kinanda, mbili za RCA kwenda jeki kubwa ya mono, upande wa mikisa. Ile ya kukuza lazima iwe na mistari miwili, wakikupa yenye mmoja rudisha. Ukiwa dukani usiseme "waya wa kinanda", sema "stirio moja kwenda mono mbili", na uende na hedifoni yako uijaribu hapohapo. Halafu zifunge na utepe wa gundi, adapta ndiyo ya kwanza kulegea kijana akisogeza kiti.

#43 Mla_Ndizi_Tukuyu
Hoteli gani sasa, tuje Ijumaa kumsikia mpwa?